Wakili wa Sheria Kuukuu

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilimtunuku Owen Dean shahada ya uzamivu kwa tasnifu ambayo jina lake tu lingetosha kumpa msomaji usingizi. Ilihusu namna Sheria ya Hakimiliki ya Afrika Kusini ya 1978 inavyotumika kwa kazi zilizotungwa kabla ya 1979. Bunge likifuta sheria moja na kupitisha nyingine, kazi za zamani zinabaki chini ya ipi? Wimbo uliorekodiwa chini ya sheria iliyokwisha kufutwa ni mali ya nani? Mawakili wengi hulikwepa swali la namna hiyo, nami siwalaumu. Halileti wateja.

Mteja alikuwapo, ila hakuna aliyemwambia. Alikuwa Soweto, nyumbani kwa mjane na mabinti wa Solomon Linda.

Mwaka 1939 Linda na kundi lake, Original Evening Birds, waliingia studio ya Gallo mjini Johannesburg wakaimba Mbube, yaani Simba kwa Kizulu. Linda alikuwa mfungashaji katika kampuni hiyohiyo. Walirudia wimbo mara tatu, na katika mara ya tatu sauti yake nyembamba ya juu ikapaa na kutoa vipande vya muziki ambavyo hakuwa amevipanga. Santuri ilivuka bahari, ikamfikia Pete Seeger huko Marekani. Yeye alisikia «Wimoweh» pale kundi lilipoimba «uyimbube», na kundi lake la The Weavers likautoa wimbo kwa jina hilo. Mwaka 1961 George Weiss na wenzake wakaongeza maneno ya Kiingereza kuhusu simba anayelala msituni usiku, The Tokens wakauimba, na dunia nzima ikaushika. Mwaka 1994 ulisikika ndani ya filamu ya Disney, The Lion King.

Linda aliihamishia Gallo haki zake mwaka 1952 kwa shilingi kumi. Alifariki Oktoba 1962, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe. Mjane wake alitiwa saini kwenye karatasi nyingine miaka ya themanini, na mabinti wakatia zao mwaka 1992. Kila mara wimbo ulipobadilisha mikono, kulikuwa na saini ya mtu wa familia hiyo chini ya ukurasa.

Simulizi hii ilijulikana sana mwaka 2000, mwandishi Rian Malan alipoichapisha katika jarida la Rolling Stone. Wasomaji walikasirika, lakini hasira si hoja mahakamani. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozoea ubishi wa nani hasa alitunga Malaika, huenda tukadhani kesi kama hii ingekuwa nyepesi, kwa kuwa hapa hakuna aliyebisha kwamba Linda ndiye aliyeimba kwanza. Ugumu wake ulikuwa kwingine. Karatasi zilikuwapo, na zilikuwa na saini.

Baadaye jambo hili lilifika mezani kwa Dean, ambaye wakati huo alikuwa mshirika katika kampuni ya mawakili ya Spoor & Fisher, Pretoria. Wakili mwingine angeanza na zile shilingi kumi. Angeuliza kama Linda, aliyekuwa hajui kusoma, alielewa alichotia saini, na kama mfanyakazi Mwafrika wa enzi ile angeweza kumkatalia mwajiri wake. Ni maswali ya haki kabisa, lakini wa kuyajibu walikuwa wamekwisha kufa. Hoja kuu ya Dean haikuyahitaji. Tuseme kila saini ni halali; bado familia ina haki.

Msingi wake ulikuwa Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyosambazwa katika himaya nzima, Kenya ikiwemo, na kupokewa Afrika Kusini mwaka 1916. Ndani yake mlikuwa na kifungu ambacho wanasheria walikibandika jina la Charles Dickens, kwa kuwa inasemekana kilitokana na habari za watoto wa waandishi wakubwa walioachwa na dhiki huku wachapishaji wakiendelea kuvuna. Kinasema kwamba mtunzi akiuza hakimiliki yake akiwa hai, mauzo hayo yana nguvu hadi miaka 25 baada ya kifo chake. Ikifika hapo haki inarudi kwa msimamizi wa mirathi yake, hata kama mkataba unasema vingine.

Kifungu hicho kilifutwa Afrika Kusini mwaka 1965. Lakini, na hapa ndipo ile tasnifu ya usingizi ilipoamka, kufutwa kwake hakukugusa mauzo yaliyofanyika kabla. Linda aliuza 1952. Miaka 25 baada ya kifo chake ilitimia Oktoba 1987, na haki ikarudi. Haikurudi kwa mjane wala kwa mabinti moja kwa moja. Ilirudi kwa msimamizi wa mirathi, ambaye hakuwapo, kwa sababu hakuna aliyemteua. Kwa hiyo waliotia saini mwaka 1992 walikuwa wametoa kitu kisichokuwa mikononi mwao. Kwa wakili hilo ni tundu dogo la sindano. Kwa familia ulikuwa mlango mpana.

Msimamizi akateuliwa. Gharama zilichangiwa na serikali kupitia idara ya sanaa na utamaduni na, msomaji usishangae, Gallo yenyewe. Julai 2004 kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu ya Pretoria dhidi ya Disney.

Lakini Disney ni kampuni ya Marekani. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka mdai wa nyumbani anayemshtaki mgeni akamate kwanza mali ya mgeni huyo iliyomo nchini, ili mahakama ipate mamlaka juu yake. Dean alikwenda kwenye daftari la usajili. Alama ya biashara iliyosajiliwa Afrika Kusini ni mali iliyoko Afrika Kusini, na Disney ilikuwa nazo zaidi ya 200, Mickey Mouse na Donald Duck miongoni mwao. Mahakama ikaamuru zikamatwe. Disney iliomba amri hiyo iondolewe, ikashindwa. Magazeti yalifurahi mno kuandika kuhusu panya aliyetiwa mbaroni, na nadhani furaha hiyo ilikuwa na uzito wake katika yaliyofuata.

Kesi ilipangwa kusikilizwa Februari 2006. Haikusikilizwa. Abilene Music, iliyokuwa imeipa Disney ruhusa ya kutumia wimbo, ilikubali suluhu: malipo ya miaka iliyopita, mrabaha wa miaka ijayo, Linda kutambuliwa kuwa mtunzi mwenza, na mfuko wa amana kwa warithi. Hivyo kesi iliyomjulisha Dean ulimwenguni ilimalizika bila hakimu yeyote kutamka kama hoja yake ni sahihi. Kwa mwanasheria nadhani hilo linawasha kidogo. Alipata uprofesa wa haki miliki Stellenbosch, na mwaka 2013 akatoa kitabu chake kuhusu mambo hayo, Awakening the Lion. Filamu ya mwaka 2019 kuhusu familia hiyo iliwaonyesha mabinti wakiwa bado na maswali kuhusu kiasi kilichowafikia.

Nchini Afrika Kusini hakimiliki ya wimbo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Ya Mbube ilikwisha tarehe 31 Desemba 2012. Kuanzia Oktoba 1987 ni miaka 25 ambayo wimbo ulikuwa wa familia kwa mujibu wa sheria ileile ya mwaka 1911. Kati ya hiyo, karibu 17 ilikuwa imepita kabla kesi haijafunguliwa, na binti mmoja alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2001.