Uvimbe adimu wa nyonga na tumbo: historia na tiba katika mji wa Guangzhou

Uvimbe adimu wa nyonga na tumbo ni jina la jumla la aina za uvimbe ambazo madaktari wa wanawake na wapasuaji wa tumbo hukutana nazo mara chache. Miongoni mwake ni saratani ya seli za mayai inayowapata wasichana, saratani inayotokana na tishu za kondo la nyuma, uvimbe wa kidole tumbo unaojaza tumbo ute mzito, saratani ya tumbo la chakula iliyohamia kwenye ovari, na sarkoma, yaani saratani za tishu laini, zinazoota nyuma ya matumbo. Guangzhou, mji wa kusini mwa China uliojulikana zamani kwa jina la Canton, una nafasi ya pekee katika historia ya maradhi haya. Huko ndiko upasuaji wa uvimbe wa ovari ulikoanzia nchini China, na huko kungali na wataalamu wanaotibu saratani iliyosambaa ndani ya tumbo.

Chimbuko

Tarehe 4 Novemba 1835, daktari na mmisionari Mmarekani Peter Parker (1804–1888) alifungua hospitali ya macho katika jengo la mfanyabiashara tajiri Howqua. Nia ilikuwa kutibu macho, lakini mara wakaanza kufika watu wenye uvimbe mkubwa usoni, shingoni, matitini na kwenye viungo, walioishi nao kwa miaka mingi kwa kukosa mpasuaji. Parker aliwakata bila dawa ya usingizi, kwani etha ilifika hospitalini hapo mwaka 1847. Mchoraji wa mji huo, Lam Qua, alichora picha za wagonjwa hao kwa rangi za mafuta. Zaidi ya 80 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, nyingine zipo London. Mpwa wa mchoraji huyo, Kwan A-to, alifundishwa kazi na Parker akawa miongoni mwa Wachina wa kwanza kufanya upasuaji wa Kimagharibi.

Uvimbe katika picha hizo karibu wote ni wa nje ya mwili. Ule wa ndani ya tumbo haukuguswa kirahisi. Ni kweli kwamba Ephraim McDowell, huko Kentucky, Marekani, alikuwa ameondoa uvimbe wa ovari mwaka 1809 na mgonjwa akapona, lakini kwa miongo mingi baada yake kufungua tumbo kulimaanisha hatari kubwa ya kufa kwa maambukizi. Hali ilianza kubadilika baada ya mwaka 1867, Joseph Lister alipotangaza njia yake ya kuua vijidudu katika vidonda.

John Glasgow Kerr alimrithi Parker mwaka 1855, na hospitali ikaja kuitwa Boji. Mwaka 1875 ulifanyika hapo upasuaji unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini China wa kuondoa uvimbe wa ovari. Shule ya udaktari ya Boji ilianza mwaka 1866, na mwaka 1879 ikawapokea wanafunzi wa kike. Daktari Mary Niles aliyefika mjini mwaka 1882, na Mary Fulton aliyeanzisha chuo cha udaktari cha wanawake mwaka 1899, waliwafungulia mlango wanawake ambao mila hazikuwaruhusu kupimwa na mwanamume. Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa muda wa kwanza wa jamhuri ya China, alisoma Boji mwaka 1886. Leo hospitali hiyo ina jina lake na ni sehemu ya chuo kikuu chenye jina hilohilo.

Utambuzi

Uvimbe adimu hujificha nyuma ya dalili za kawaida: tumbo kujaa, maumivu ya nyonga, hedhi kuvurugika, kukonda. Daktari huanza kwa maelezo ya mgonjwa, kumpapasa na kumpima ujauzito. Altrasaundi huonyesha kama uvimbe una maji au nyama. Sitiskani na MRI huonyesha ulipoanzia na ulipofika.

Vipimo vya damu husaidia kutofautisha. Homoni ya ujauzito ya hCG hupanda katika saratani ya tishu za kondo, protini ya AFP hupanda katika uvimbe wa mfuko wa kiinitete, na inhibini katika uvimbe wa seli za granulosa, ambao huweza kumletea bibi aliyekoma hedhi damu upya. Kipimo cha CA-125 hakitoshi peke yake, kwa sababu hupanda pia katika kifua kikuu cha tumbo. Ugonjwa huo huleta maji tumboni na vinundu vinavyofanana mno na saratani ya ovari, na wanawake wamewahi kupasuliwa bure kwa kukosewa hapo.

Neno la mwisho kwa kawaida ni la mtaalamu wa patholojia anayesoma kipande cha nyama chini ya hadubini. Hata hivyo sindano haichomwi ovyo. Uvimbe wa ovari unaoshukiwa kuwa saratani ukitobolewa huweza kumwaga seli zake tumboni, na saratani ya tishu za kondo ikikatwa huweza kutoa damu nyingi, hivyo aghalabu hutambuliwa kwa hCG na picha.

Matibabu

Tiba hufuata aina ya uvimbe, wala si ukubwa wake. Saratani ya tishu za kondo, ambayo mara nyingi hufuata mimba zabibu, huponywa zaidi na dawa kuliko kisu. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1956, daktari mzaliwa wa China Min Chiu Li na wenzake huko Marekani walipoonyesha nguvu ya dawa ya methotreksati. Msichana mwenye saratani ya seli za mayai mara nyingi huondolewa ovari moja tu, kisha hupewa bleomisini, etoposidi na sisplatini. Wengi hupona na hubaki na uwezo wa kuzaa. Sarkoma ya nyuma ya matumbo hutaka kuondolewa nzima katika upasuaji wa kwanza.

Kwa ute wa kidole tumbo na saratani iliyosambaa kwenye utando wa tumbo, wapasuaji huondoa kila kinachoonekana, kisha huzungusha dawa ya moto tumboni kwa nyuzijoto zipatazo 42. Hospitali ya saratani ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou ni miongoni mwa vituo vikuu vya njia hii nchini China. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 245 wa saratani ya ovari ya hatua ya tatu waliokwisha kupewa dawa kabla ya upasuaji, ulionyesha muda wa kati (mediani) wa kuishi wa miezi 45.7 kwa waliopata tiba hiyo, dhidi ya 33.9 kwa wasioipata.

Afrika Mashariki

Mbali na Guangzhou, Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya uvimbe adimu. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao hushambulia pia figo na ovari. Uvimbe huo, unaoitwa kwa jina lake, huyeyuka kwa dawa, na kuikata ovari hakumponyi mtoto. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hupokea wagonjwa wa maradhi haya, na wengi huchelewa kufika, kama walivyochelewa wagonjwa wa Parker.

Mwanamke mwenye tumbo linalojaa, maumivu ya nyonga yasiyokoma au damu baada ya kukoma hedhi asisubiri. Aende hospitali apimwe, na akiambiwa apasuliwe, ana haki ya kuuliza uvimbe wake ni wa aina gani na umetambuliwa vipi.