Madaraja ya Saratani

Saratani haina tabia moja. Iko itambaayo polepole hata mgonjwa akazeeka nayo, akafa kwa jambo jingine; na iko iendayo mbio, ikamwua mtu kabla ya mwaka kwisha. Kuzipambanua hizi mbili ndiyo kazi ya madaraja. Msomaji asichanganye daraja na hatua: hatua yaeleza saratani imeenea hadi wapi mwilini, bali daraja laeleza ukali wake kama uonekanavyo kwa hadubini.

Mwaka 1890, huko Ujerumani, David von Hansemann alieleza jinsi chembe za saratani zinavyopoteza umbo la chembe zilizozizaa. Mwaka 1920 Albert Broders, tabibu wa Mayo Clinic nchini Marekani, alitoa habari za wagonjwa 537 wa saratani ya mdomo, akaigawa madaraja manne. Chembe zilizofanana na asili yake zikiwa robo tatu, hilo ni daraja la kwanza. Zikikosekana kabisa, ni la nne. Akaona kwamba kadiri daraja lilivyopanda, ndivyo waliopona walivyopungua.

Mwaka 1966 Donald Gleason, wa hospitali ya askari wastaafu mjini Minneapolis, alitoa njia nyingine kwa saratani ya tezi dume. Yeye hakutazama chembe moja moja, bali namna zilivyojipanga. Alichora sura tano, 1 hadi 5. Na kwa kuwa uvimbe mmoja aghalabu una sura zaidi ya moja, alijumlisha zile mbili zilizoenea zaidi. Jumla ikawa kati ya 2 na 10.

Njia hiyo ilifaa sana, walakini baadaye ilizaa dhara. Wataalamu waliacha kutumia sura 1 na 2 kwa vipande vilivyotolewa kwa sindano, na jumla ya chini ikabaki 6. Mgonjwa aliyeambiwa "6 kati ya 10" alidhani yu katikati ya hatari, kumbe yu kwenye kidato cha chini kabisa. Hofu ya namna hiyo yaweza kumpeleka mtu kwenye kisu au mionzi, akapata udhaifu wa mkojo na wa unyumba, kwa ugonjwa ambao ungetosha kuangaliwa tu. Tena 7 moja si sawa na nyingine: 3 na 4 ni nafuu kuliko 4 na 3.

Ndipo mwaka 2014 wataalamu walipokutana Chicago, wakakubali makundi 1 hadi 5. Ile 6 ikawa kundi la 1, na zile 7 mbili zikatengwa, kundi la 2 na la 3.

Ugonjwa haukubadilika, lililobadilika ni jina lake. Lakini mbele ya mtu mwenye hofu, jina lina uzito kama dawa. Tena daraja ni hukumu ya jicho la mwanadamu, na mabingwa wawili waweza kutofautiana. Basi mgonjwa anayo haki ya kuuliza: kidato hiki ni cha ngapi, na ngazi yenyewe yaanzia wapi?