Duka la Santuri na Historia ya Fasihi Yetu

Wanaoandika historia ya fasihi nchini Kenya hupenda kuanzia vitabuni. Hututajia East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, kisha makampuni ya vitabu yaliyofuata. Duka la santuri halitajwi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba duka hilo nalo lilikuwa mchapishaji, na kwamba kulisahau ni kupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wa lugha zetu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Wenye maduka ya River Road na mitaa ya jirani, wengi wao wakiwa wa asili ya Kihindi, hawakuwa wachuuzi tu. Mwenye duka aliteua wimbo, akalipia kurekodiwa kwake, akaagiza nakala kiwandani, akazibandika nembo yake, kisha akaziuza mwenyewe. Ndiyo maana nembo nyingine zilibeba majina ya maduka, kama African Gramophone Stores. Katikati ya miaka ya 1960 mwanamuziki David Amunga naye aliingia katika biashara hiyo kwa Mwangaza Music Store. Huko Kericho, Chandarana aliunganisha duka na studio, hata wanamuziki wa Bonde la Ufa na Nyanza wakaweza kurekodi bila ya kwenda Nairobi.

Mchapishaji huyu aliathiri umbo la sanaa yenyewe. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua takriban dakika tatu. Kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili: mara nyingi masimulizi yalijaa upande wa kwanza, na magitaa yakatawala upande wa pili. Mtunzi aliyezoea kuimba usiku kucha kwenye sherehe alilazimika kufupisha kisa chake. Huu ni uhariri, ingawa haukufanywa kwa kalamu.

Aliathiri pia uteuzi wa lugha. Tuchukue mfano wa Kibomet, karibu na mji wa Kitale. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na baada ya Uhuru Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi, Waturkana wa kaskazini, na wengineo waliishi humo bega kwa bega. Santuri ya Kibukusu ilieleweka Bungoma na katika baadhi ya nyumba za Kibomet. Ya Kiswahili ilieleweka nyumba zote. Mfanyabiashara aliyaona haya vizuri. Katika studio ya Equator, Nairobi, Daudi Kabaka, mwenye asili ya magharibi mwa Kenya, aliimba Kiswahili pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Soko lilieneza Kiswahili pasipo amri ya serikali. Hata hivyo, maduka hayo hayo yaliendelea kutoa nyimbo za lugha za wenyeji, na mara nyingi jina la lugha lilipigwa chapa kwenye nembo.

Kanda zilizonakiliwa kwa wizi ziliidhoofisha biashara hii katika miaka ya 1980, na ufyatuaji wa santuri ukakoma. Melodica, duka lililofunguliwa mwaka 1971 katika Mtaa wa Tom Mboya, na kibanda cha James Rugami katika Soko la Kenyatta, ni miongoni mwa mahali palipohifadhi mabaki yake. Wakati huo huo wakusanyaji kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakizinunua santuri hizi. Si kosa lao kuthamini tulichokitupa. Lakini santuri ikiondoka bila ya kuorodheshwa, huondoka na jina la mtunzi, lugha, nembo na maneno yenyewe.

Idara za lugha zina wanafunzi watokao Kitale, Bungoma na kwingineko, ambako huenda santuri zingali kabatini mwa wazee. Kazi ya kuandika orodha na kunukuu maneno haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kwanza tukubali kwamba kilichouzwa River Road kilikuwa fasihi.