Nani analipia kitanda cha mtoto? Ruzuku za kaunti na mahakama za watoto hapa Ohio

Kuna siku nilikuwa nimekaa kwenye benchi, koridoni, nje ya mahakama ya watoto hapa Ohio, Marekani, nikimtafsiria mama mmoja wa Kikongo. Kiswahili chake cha Kivu, changu cha Dar, tukaelewana hivyo hivyo. Mwanawe alikuwa na miaka 15, kesi ni ya wizi, na haikuwa ya kwanza. Ofisa wa probesheni akatoka akasema jaji angependa kijana aende kwenye programu ya jioni, ambako yeye na familia yake wangesaidiwa, ila nafasi zimejaa mpaka fedha za mwaka mpya zitoke. Mama akanigeukia: "Ndugu yangu, kumbe hukumu ya mtoto inangojea feza?"

Nilitafsiri swali. Hakuna aliyelijibu. Basi nikaanza kusoma mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu Waswahili tumekuwa wengi hapa Columbus, Akron na Dayton, na wengi wetu tunafikiri mambo ya mahakama ni sheria tupu. Kumbe nyuma ya sheria kuna bajeti.

Kwanza tuelewane kuhusu kaunti. Ohio ina kaunti 88. Kwa msomaji wa Tanzania, fikiria wilaya, ila wilaya yenye majaji waliochaguliwa kwa kura, wakiwemo wa mahakama ya watoto, na yenye mfuko wake. (Wakenya wasije wakachanganya na kaunti zao 47. Kule mahakama ni za taifa, hapa mahakama ya watoto inategemea sana hela ya kaunti.) Juu ya kaunti kuna jimbo, na idara ya jimbo inayoshika vijana waliokutwa na makosa makubwa inaitwa Department of Youth Services, tuiite DYS. Hiyo ndiyo yenye zile taasisi za kufungiwa. Kaunti nazo huwa na mahabusu za watoto kwa wanaosubiri kesi, na maofisa wa probesheni.

Sasa sikiliza utamu wa hesabu ulivyokuwa zamani. Jaji akimpeleka kijana kwenye taasisi ya jimbo, bili inalipwa na jimbo. Akimbakiza nyumbani chini ya uangalizi, na mshauri, na mtu wa kumfuatilia shuleni, bili ni ya kaunti. Sasa jamani, wewe ungekuwa kaunti isiyo na hela ungefanyaje? Kumfunga mtoto kulikuwa bure. Kumsaidia ndiko kulikogharimu.

Wala si Ohio peke yake. California ilikuwa mbaya zaidi: tangu mwaka 1961 kaunti ilikuwa ikilipa dola 25 tu kwa mwezi kwa kila kijana iliyempeleka jimboni. Dola 25! Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyobadilisha, ikazitaka kaunti zilipe sehemu kubwa ya gharama kwa vijana wenye makosa madogo madogo, na idadi iliyokuwa imefika karibu 10,000 ikaanza kushuka.

Ohio ilifika pabaya mwaka 1992. Taasisi za DYS zilikuwa na vijana zaidi ya 2,500, wengi kupita kiasi kwa vitanda vilivyokuwepo. Mwaka 1993 bunge la jimbo likapitisha mpango unaoitwa RECLAIM Ohio. Ukajaribiwa kwenye kaunti tisa kuanzia Januari 1994, na Januari 1995 ukaenea jimbo zima.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi mpaka unashangaa kwa nini haukuanza mapema. Jimbo linachukua hela ambayo lingeitumia kuwafungia vijana, linaigawa kwa kaunti kufuatana na idadi ya vijana waliokutwa na makosa makubwa. Kisha kila kaunti ikimpeleka kijana DYS, inakatwa asilimia 75 ya gharama ya kila siku anayokaa kule. Ikimpeleka kwenye kituo kidogo cha kijamii, inakatwa asilimia 50. Kinachobaki ni cha kaunti, kitumike kwa programu za hapo hapo nyumbani.

Tupige hesabu ya kubuni tu. Tuseme kitanda ni dola 100 kwa siku. Kijana akikaa miezi sita, siku 180, kaunti inakatwa dola 13,500. Jaji akimbakiza nyumbani, zile 13,500 zinalipa mshauri, programu ya baada ya shule, au mtu wa kwenda kukaa na mama na mtoto sebuleni wazungumze. Ghafla jaji ana sababu ya kujiuliza mara mbili. Kwa makosa mazito kabisa kama mauaji waliweka utaratibu wa pembeni, kaunti haikatwi, ili jaji asije akamwacha mtu hatari mtaani kwa kuogopa bili.

Mwaka 2004 kanuni ya mgao ikabadilishwa. Siku hizi haikatwi bili moja kwa moja, bali inaangaliwa wastani wa miaka kadhaa wa vijana waliokutwa na makosa makubwa, halafu kaunti inapunguziwa pointi kwa kila siku ya kitanda iliyotumia DYS. Hapo mimi binafsi naona kasoro. Kaunti inayomwahi mtoto mapema, kabla hajafikishwa kwa jaji kwa kosa kubwa, inajikuta na idadi ndogo ya wa kuhesabiwa. Yaani ukifanya kazi nzuri sana fungu lako laweza kupungua. Na fungu ni moja kwa kaunti zote 88, mwenzako akiongezewa wewe unapungukiwa.

Je, ulifanya kazi? Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Cincinnati kilitoa tathmini. Vijana wasio na hatari kubwa waliopelekwa DYS walirudia makosa zaidi kuliko wenzao wa aina hiyo hiyo waliobaki kwenye jamii. Kumfungia mtoto asiye hatari pamoja na walio hatari kunamharibu, jambo ambalo bibi yangu angekwambia bila utafiti. Lakini ile tathmini ilisema na upande wa pili, ambao watu huwa wanaurukaruka: kwa wale wenye hatari kubwa kweli kweli, kuwaweka kwenye programu nyepesi hakukusaidia. Mwaka 2010 wakaongeza hela ya pekee kwa kaunti sita kubwa zilizokuwa zikipeleka vijana wengi: Cuyahoga, Franklin, Hamilton, Lucas, Montgomery na Summit.

Leo idadi ya vijana kwenye taasisi za DYS miaka ya karibuni imekuwa karibu na 500. Kutoka zaidi ya 2,500. Taasisi nyingi zimefungwa, zikabaki tatu kubwa. Nisidanganye kwamba yote ni ruzuku, maana uhalifu wa vijana ulishuka Marekani nzima, na Ohio ilishtakiwa mahakamani kwa hali ya taasisi zake ikabidi ikubali mapatano mwaka 2008. Lakini ruzuku ndiyo iliyowapa majaji mahali pengine pa kumpeleka mtoto.

Na waliobaki ndani? Hapo ndipo pagumu. Oktoba 2022 vijana 12 walijifungia kwenye jengo la shule la taasisi ya Indian River, mji wa Massillon, kwa saa nyingi. Novemba 2023 gavana Mike DeWine akaunda kikundi kazi, kikapendekeza majengo yale makubwa yaachwe, vijengwe vidogo, karibu na makwao. Upungufu wa wafanyakazi ulitajwa sana.

California ilienda mbele zaidi. Mwaka 2007 ikaanza kuzipa kaunti ruzuku ili zibaki na karibu vijana wote isipokuwa wenye makosa mazito. Mwaka 2020 ikapitisha sheria ya kufunga kabisa idara yake ya vijana, na tarehe 30 Juni 2023 ikafungwa, huku kaunti zikiahidiwa dola 225,000 kwa mwaka kwa kila kijana anayerudishwa. Hela nzuri. Lakini Mei mwaka huo huo bodi ya ukaguzi ya jimbo ilitangaza kwamba mahabusu mbili za watoto za kaunti ya Los Angeles hazifai, watoto wahamishwe. Basi usione dola ukadhani ndiyo huduma.

Kuna hela ya Washington pia. Sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford Septemba 1974 inatoa ruzuku kwa majimbo kufuatana na idadi ya watu walio chini ya miaka 18, na angalau theluthi mbili lazima ishuke kwa kaunti, miji, makabila ya asili na mashirika yasiyo ya faida. Masharti makuu ni manne: mtoto asifungiwe kwa jambo ambalo mtu mzima hawezi kushtakiwa kwalo, kama kutoroka shule, asiwekwe mahabusu za watu wazima, pale anapokuwa jengo moja nao, wasionane wala kusikizana, na jimbo lishughulikie tofauti za rangi na kabila katika jinsi watoto wanavyotendewa. Kila sharti lisilotimizwa linakata asilimia 20 ya fungu. Ruzuku nyingine kubwa ya shirikisho kwa mahakama za watoto ilianza 1998, na baada ya bajeti ya 2013 Bunge la Marekani likaacha kuitia hela. Na Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifuta kwa mkupuo ruzuku zaidi ya 350 za usalama na haki, zikiwemo za vijana. Ruzuku ndivyo ilivyo, inakuja kwa mwaka na inaondoka kwa barua.

Jambo moja kwa nyie vijana mnaosoma: sheria hiyo ya 1974, ilivyorekebishwa 2018, inataka kila jimbo liwe na baraza la ushauri la watu 15 hadi 33, na moja ya tano wawe chini ya miaka 28 wanapoteuliwa. Gavana ndiye anayeteua. Hapa Ohio hilo baraza lipo. Sijawahi kuona Mswahili ameomba kuingia, labda kwa sababu hatujui.

Nirudi kwa yule mama. Mwaka wa fedha wa Ohio unaanza tarehe 1 Julai, na sisi tulikuwa koridoni mwezi wa tano. Kijana akawekwa chini ya uangalizi wa kawaida, kupiga simu mara moja kwa wiki, mpaka mwezi wa saba nafasi ikapatikana. Wiki hizo nane mama hakulala vizuri. Baadaye nikajua kwamba mzazi ana haki ya kumuuliza ofisa wa probesheni, au wakili wa mtoto, programu gani za RECLAIM kaunti inazo, nani anakubalika, na kama kuna orodha ya kusubiri. Muulize mapema, siku ya kwanza, na omba mkalimani wa mahakama, usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri kesi yake.

Shida iliyofuata ikawa basi. Programu iko upande wa pili wa mji, inaisha saa mbili usiku, na basi la mwisho la kwao limeshapita. Kama kuna msomaji ambaye kaunti yake inalipia usafiri kutoka fungu hilo hilo la ruzuku, aandike hapo chini waliombaje. Majina ya watoto msiyaweke.