Masizi ya Aliyewasha Mwisho

Niliikuta Gerezani, ndani ya beseni la plastiki, katikati ya pasi mbovu na redio zisizo na sauti. Nilidhani ni kipande cha pampu ya maji. Nilipoifuta kwa kidole ikatokea shaba ya njano, kisha kitako chekundu, kisha jina: Mamod.

"Hii mashine ya nini, kaka?" nikamuuliza muuzaji.

"Ya chai," akajibu bila kucheka. "Laki moja."

Haikuwa ya chai. Ilikuwa injini ya mvuke ya kuchezea, ya kukaa mezani, ndogo kuliko kiatu changu. Kampuni ya Mamod ilianzishwa na Geoffrey Malins huko Birmingham mwaka 1937, na kwa miongo mingi watoto wa Uingereza walizawadiwa injini hizi. Utendaji wake ni rahisi. Unajaza maji kwenye pipa la shaba na kuwasha moto mdogo chini yake. Maji yakichemka, mvuke unaingia kwenye silinda ambayo yenyewe hupepesuka mbele na nyuma, ikifungua na kuziba tundu la mvuke. Gurudumu linazunguka. Juu ya pipa kuna vali yenye springi ya kupunguza mvuke ukizidi.

Wanaokusanya injini hizi hukagua mambo machache kabla ya kununua kuukuu, nami niliyafuata palepale juu ya beseni. Je, gurudumu linazunguka bila kukwama? Springi ya vali inabonyea, au imeshikwa na kutu? Halafu unageuza pipa na kutazama tumbo lake. Likiwa limebadilika rangi, ujue kuna aliyewasha moto maji yakiwa yamekwisha, na huenda viungio vyake vimelegea. Tumbo la hii lilikuwa na masizi tu. Mtu fulani, sijui nani wala wapi, aliitumia kwa adabu. Tukashuka hadi elfu arobaini, hela yangu ya chakula cha wiki nzima.

Nilitembea nayo mfukoni kuelekea stesheni ya zamani nikiwaza kwamba mimi si wa kwanza mjini hapa kupokea injini ya mvuke kutoka kwa mtu mwingine. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya Wajerumani. Ulifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Bandari hii ndiyo iliyopokea meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Mzigo ule ulipelekwa bara, na meli ikaunganishwa upya Kigoma kama mtoto anavyounganisha kifaa chake cha kuchezea.

Mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Ila mafundi wake walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, wakaiita Liemba, na iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970. Kwa maneno ya Kariakoo, Liemba ni mtumba, tena mtumba wa daraja la kwanza, kwa sababu mwenye mali wa zamani aliitunza hadi siku ya mwisho.

Na jina Kariakoo lenyewe? Limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika vita hiyohiyo. Reli ilikuwa imeshafika ziwani, lakini kusikokuwa na reli vita ilibebwa kichwani, na makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa. Grisi ya injini za Liemba inakumbukwa vizuri kuliko watu hao.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Tasnifu yangu ya umahiri ni juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli wa 1960, uliodumu karibu miezi mitatu. Katika kumbukumbu nilizosoma, injini zina namba, miaka ya kuundwa, hata majina. Namba 3020, iliyoundwa Glasgow na sasa ipo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, inaitwa Nyaturu. Kabila zima limepewa injini, lakini Mnyaturu aliyechochea moto simwoni kwenye karatasi. Babu yangu alikuwa mchocheaji. Kila nilipomuuliza kuhusu mgomo alinijibu maneno mawili: "Tuligoma. Basi."

Jumamosi nikaenda kwake Ilala. Nilikuwa na kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, pamba, na spiriti kutoka duka la dawa. Babu alikuwa mkekani. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nilimpa injini, akaipapasa kimya, akafika kwenye vali, akaibonyeza kwa kidole gumba. Nikaichukua, nikaiweka sakafuni na kuwasha kiberiti. Akasikia njiti.

"Maji umeweka?"

"Bado, babu. Nilitaka kwanza—"

"Zima."

Nikazima. Nikajaza maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai huku yeye akinisimamia kwa masikio. Ndipo akaanza kueleza. Kwenye injini kubwa, juu ya sanduku la moto, kulikuwa na kizibo cha risasi. Maji yakishuka kupita kiasi, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia motoni. "Hapo," alisema, "mchocheaji ameshafukuzwa kazi kabla treni haijasimama."

Gurudumu likaanza kuzunguka. Sauti yake ni ndogo, kama cherehani ya jirani. Babu aliinamisha kichwa.

Akasema siku za mgomo kilichomtisha si njaa, bali ubaridi wa injini. Injini ikipoa kabisa huchukua saa nyingi kupata mvuke tena, na yeye hakuwahi kuzikuta zimepoa zote kwa pamoja. Wenzake walipita pembeni ya karakana na kuzitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa na kufuli la mwingine. Halafu akataja majina. Nilipapasa kalamu. Yalikuwa kumi na moja, na kila moja lilikuja na kazi yake, kijiji chake, na deni alilokuwa akidaiwa.

Maji yalipokaribia kuisha nilizima moto kabla hajaniambia. Alisikia, akatikisa kichwa kuridhika.

"Umenunua bei gani?"

"Elfu arobaini."

"Umepigwa," akasema. Akanyoosha mkono kutafuta chupa ya chai. "Jaza tena. Kuna wawili nimewasahau."