Cherehani Kuukuu na Haki Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametaja katika Surat Saba kwamba alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamuru atengeneze deraya na apime sawasawa pete zake. Zingatia basi: hata Nabii aliyepewa muujiza hakuruhusiwa kufanya kazi kwa kubahatisha. Leo tukitazame chombo cha chuma kilichomo katika nyumba zetu nyingi, nacho ni cherehani.

Mwaka 1830 fundi wa Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alipewa hati ya serikali kwa mashine yake ya kushonea. Akafungua karakana Paris ya kushona nguo za askari, yenye mashine kama 80. Mwaka 1831 washonaji wa mkono, wakichelea kukatiwa riziki, waliivamia wakazivunja. Thimonnier akafa maskini mwaka 1857. Huko Marekani, Elias Howe alipata hati mwaka 1846 kwa mashine yenye sindano iliyotobolewa karibu na ncha, na nyuzi mbili zinazofungana, wa juu na wa chini. Isaac Singer akapata hati yake mwaka 1851. Howe akamshitaki, na mwaka 1854 mahakama ikampa Howe haki yake. Waona, msomaji, kwamba tangu mwanzo chombo hiki kimezungukwa na swali la haki: nani ale kwa jasho la nani?

Cherehani nyingi kuukuu za Singer zilitoka katika kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, nazo zingali zinashona. Zimeishi kwa kutunzwa, si kwa bahati.

Basi ukitaka kununua iliyokwisha tumiwa, usidanganywe na mng'aro wa nakshi zake za dhahabu. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, usikilize. Likikwama, huenda ni mafuta ya kale yaliyoganda, wala si lazima iwe imevunjika. Tazama kutu, tazama kama sindano imenyooka, kisha shona kipande cha nguo ukikague juu na chini.

Ukifika nayo nyumbani, fungua kibati kilicho chini ya sindano, uondoe kwa brashi vumbi la nyuzi lililojaa katika meno yanayosukuma kitambaa. Safisha pia mahali pa bobini. Palipoganda, mafuta ya taa kidogo hulegeza. Yafute, kisha utie mafuta ya cherehani, tone moja katika kila tundu. Usitie mafuta ya nazi wala ya kupikia, kwani hayo hunata na kuganda. Wala usisugue nakshi kwa spiriti, itazibabua. Zungusha tena kwa mkono mpaka mwendo ulainike, ushone kwanza kitambaa kibovu ili mafuta yaliyozidi yafyonzwe. Ukanda wa ngozi ukilegea, ufupishe kidogo.

Na wewe muuzaji, sikia. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mtu anayeuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu la nafaka akakuta majimaji. Akamuuliza kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Basi jino lililokatika ukalificha kwa rangi ni majimaji chini ya nafaka. Huenda mnunuzi ni mjane aliyekusanya akiba yake ili ashone kanzu na mabuibui, watoto wake wale. Ukimwuzia kibovu bila ya kumwambia, hukumwuzia chuma. Umemnyang'anya chakula cha wanawe. Kitaje kibovu, mwachie achague, na bei ipungue. Hiyo shilingi iliyopungua ndiyo itakayobaki na baraka.

Chombo ni amana, na riziki iliyomo ndani yake ni amana kubwa zaidi. Wabillahi taufiki.