Reli Iliyopita Chini ya Mlima

Ramani ya reli huhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi: miinuko, kona, madaraja, maji ya injini. Lakini ukiitazama Mombo, chini ya milima ya Usambara Magharibi, utaona kwamba ramani hiyo ni hati ya kisiasa pia.

Bonde la Pangani lilikuwa njia ya misafara kabla ya reli. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Semboja hakuyategemea makao ya wafalme ya Vuga, juu mlimani. Alijiimarisha Mazinde, tambarare, jirani na Mombo ya leo, ili aidhibiti biashara iliyopita bondeni. Wajerumani nao waliifuata njia hiyohiyo. Walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Miaka miwili baadaye wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga.

Kwa nini haikupanda Lushoto? Jibu la mhandisi lipo wazi: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kupanda takriban mita 1,000 katika safari ya kilomita zipatazo 33, mwinuko mkali mno kwa treni ya mvuke. Hata hivyo, mbao zilipohitajika, mlima ulipatiwa ufumbuzi. Kutoka msitu wa Shume mbao ziliteremshwa kwa kamba za chuma hadi stesheni ya Mkumbara. Usambara Mashariki ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, ambako treni ilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwinuko, basi, haukuwa kizuizi cha mwisho. Lililoamua ni nini kilitakiwa kushuka.

Kilichotakiwa kushuka kilijumuisha nguvu za watu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, wanaume walipewa kadi za kazi zilizowalazimu kumtumikia mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Na zao lenyewe lililoipa reli sababu ya kuanzishwa, kahawa ya Usambara, lilidorora. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, ndio uliojaza mabehewa. Mchoro ulidumu, ingawa hesabu yake ya awali ilikosea.

Linganisha na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichofunguliwa mwaka 1963. Hicho kiliiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, kwa sababu nchi huru ilihitaji mikoa yake ionane. Chuma ni kilekile. Swali lililoulizwa kabla ya kuchora ndilo lililobadilika.

Leo, mipango ya reli mpya kutoka Tanga kuelekea Arusha na Musoma inapojadiliwa, watumishi wa umma na wanafunzi wa mipango wasianze na gharama ya kilomita moja. Waulize kwanza mkulima wa mboga wa Lushoto atapakia wapi mzigo wake, na kama stesheni ya Mombo itakuwa mlango wake au itakuwa tena mahali anapoitazama treni ikipita.